Kutoka "Yalivuta" hadi "Huvuta": Lugha ya Jaribio Juu ya Manukato na Mbu

1. Makusudi ya makala haya

Husemwa mara nyingi, mijini na mashamba, kwamba mtu aliyejitia marashi au aliyeoga kwa sabuni yenye harufu nzuri huumwa na mbu kuliko mwenzake. Wengine husema kinyume chake: kwamba harufu kali huwafukuza mbu, na ndiyo sababu kivumbasi hupandwa karibu na nyumba au majani yake hutiwa chumbani. Kauli hizi mbili haziwezi kukubaliwa pamoja bila ya masharti, wala haifai kuzikataa kwa kuwa tu zatoka vinywani mwa watu wasio wataalamu. Zinalotaka ni kujaribiwa.

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi jaribio la namna hiyo lipasavyo kupangwa, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kazi ya lugha. Mwandishi si mtaalamu wa wadudu. Ni mwalimu wa isimu. Lakini mtu asomaye taarifa za sayansi zilizoandikwa kwa Kiswahili, au azifasiriye, huona upesi kwamba makosa mengi yanayodhaniwa kuwa ya hesabu au ya vyombo yalianza zamani zaidi, katika sentensi ya swali lenyewe. Nasi twadai hivi: jaribio ni njia ya kutoka kwenye kauli yenye -li- kufika kwenye kauli yenye hu-. Aliyeona jambo mara moja ana haki ya kusema "yalivuta". Atakaye kusema "huvuta" sharti alipe ushuru njiani, na kila kanuni ya jaribio ni sehemu ya ushuru huo.

Jambo hili si mchezo wa wanasarufi. Mbu wa jamii ya Anopheles hueneza malaria. Mbu aitwaye Aedes aegypti hueneza homa ya dengi, ambayo ilizuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mganga akiwaambia watu kwamba sabuni za manukato huvuta mbu, yamkini wako watakaoacha sabuni. Akiwaambia kwamba huwafukuza, yamkini wako watakaolala nje ya chandarua. Silabi moja, hu-, yatosha kuleta madhara hayo, ikiwa imetamkwa kabla ya wakati wake.

2. Maneno matatu ya swali

Tuanze na swali kama lisemwavyo na watu: "Je, manukato huvuta wadudu?" Lina maneno matatu tu, na hapana hata moja katika hayo liwezalo kuingia katika jaribio kama lilivyo.

La kwanza ni mdudu. Katika matumizi ya kila siku neno hili ni pana kuliko jamii ile ya viumbe wenye miguu sita ambayo wataalamu wa elimu ya viumbe huikusudia. Buibui ni mdudu, na kupe, na tandu, na nge, na minyoo; hata uvimbe wenye usaha kidoleni huitwa mdudu. Mwenye kujaribu hawezi kuwajaribu wote hao, wala matokeo ya mmoja hayamhusu mwingine. Nyuki hufuata harufu kwa kutafuta chakula katika maua; mbu jike hufuata harufu kwa kutafuta damu ya kukuzia mayai yake. Hata miongoni mwa mbu hapana umoja: Anopheles gambiae huuma usiku, na Aedes aegypti huuma zaidi mchana. Basi badala ya "wadudu" yatupasa kuandika: "mbu majike wa aina fulani, wa umri fulani, ambao hawajala damu".

La pili ni manukato. Hapa tuna msamiati mkubwa na wa kale: marashi, udi, ubani, liwa, dalia, tibu, vikuba, na mafuta ya nazi yaliyotiwa asumini. Vitu hivi havilingani hata kwa jinsi vinavyotumiwa. Marashi hunyunyizwa, na jina lenyewe latoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kunyunyiza, udi hufukizwa, liwa hupakwa. Siku hizi twaongeza sabuni, mafuta ya nywele na dawa za kwapa. Kitu kifukizwacho huleta moshi pamoja na harufu, na moshi peke yake waweza kuwasumbua mbu. Kitu kipakwacho huchanganyika na jasho. Kwa hiyo jaribio moja halifai kuchukua zaidi ya kitu kimoja, kwa kiasi kilichopimwa, na kwa namna moja ya kukitumia.

La tatu ni kuvuta, nalo ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Mtu huvuta kamba, huvuta sigara, huvuta pumzi. Katika kila hali hiyo mvutaji ana nguvu na kivutwacho hakina hiari. Mbu hana kamba mwilini. Anayotenda mbu, na ambayo jicho laweza kuyaona na mkono ukayaandika, ni matatu: kuruka kuelekea mahali, kutua hapo, na kuuma. Haya hayafuatani kwa lazima. Harufu yaweza kumleta mbu kutoka mbali, kisha ikamzuia asitue. Nyingine yaweza isimlete, ila akija kwa sababu nyingine isimzuie kuuma. Mwenye kujaribu sharti achague ni tendo lipi kati ya matatu hayo atakalolihesabu, kisha alitaje kwa jina lake. Kitenzi kuvuta kibaki katika hitimisho, kama kitahitajiwa huko.

3. Kunuka na kunukia

Kabla ya kuendelea, yafaa tuangalie jozi moja ya vitenzi ambayo ni fahari ya Kiswahili na pia ni mtego kwa mchunguzi. Twasema samaki aliyeoza anuka, na asumini yanukia. Kwa umbo lake, kunukia ni kunuka kulikoongezewa kiambishi cha kutendea. Ni kana kwamba harufu hiyo inatolewa kwa ajili ya mtu fulani. Maana imekwisha kujitenga na umbo, na leo msemaji hamfikirii tena huyo mtu. Ila umbo lingali linatuuliza: inamnukia nani?

Jibu la kila siku ni kwamba inatunukia sisi. Lugha imeweka hukumu ya pua ya binadamu ndani ya kitenzi chenyewe, hata haiwezekani kutaja harufu kwa kitenzi kimoja bila ya kuisifu au kuilaumu. Kwa hiyo mtu akisema, "Mbu hupenda vitu vinavyonukia," amemwazima mbu pua yake mwenyewe.

Uchunguzi umeonyesha kwamba pua hizo mbili hazikubaliani. Katika miaka ya 1990 Bart Knols na Ruurd de Jong wa Uholanzi waliona kwamba mbu Anopheles gambiae walielekea zaidi kwenye miguu na vifundo vya mtu, na katika mwaka 1996 walieleza kwamba mbu hao huvutwa na harufu ya jibini liitwalo Limburger. Jibini hilo, kwa pua za watu wengi, lanuka kama miguu isiyooshwa; na haikuwa ajabu, maana bakteria waliotumika kulitengeneza ni wa jamii moja na wale waishio katika ngozi ya miguu. Katika mwaka 2022 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliwaita watu wa kujitolea wavae vitambaa vya nailoni mikononi, kisha wakavilinganisha mbele ya mbu Aedes aegypti. Waliona kwamba tofauti baina ya mtu na mtu ni kubwa mno na hudumu kwa miaka, na kwamba watu wapendwao na mbu walikuwa na asidi fulani za mafuta nyingi zaidi katika ngozi zao. Katika habari hizo mbili hapana kinukiacho. Vilivyowavuta mbu ni vile ambavyo mtu huvioga ili viondoke.

Kwa hiyo katika maandishi ya jaribio twashauri itumike nomino harufu pamoja na jina la kitu: "harufu ya sabuni hii", "harufu ya mkono huu". Vitenzi kunuka na kunukia viachwe kwa mahali panapozungumzwa pua za watu.

4. Shahidi

Tuseme sasa kwamba mtu ameoga kwa sabuni ya manukato, ameketi barazani jioni, akaumwa na mbu mara 12. Je, sabuni ndiyo iliyowaita? Hatujui, maana hatujui angeumwa mara ngapi kama hakuitumia. Maneno "angeumwa mara ngapi kama" ndiyo kiini cha elimu yote ya majaribio. Kiswahili kina umbo lake maalumu kwa jambo ambalo halikutokea, yaani -nge- na -ngali-. Nalo jaribio si kitu kingine ila ufundi wa kuiweka -nge- mahali ambapo macho yaweza kuiona. Kwa kuwa mtu yuleyule hawezi kuoga na kutooga kwa wakati mmoja, twatafuta kitu kinachofanana naye kwa kila hali isipokuwa sabuni, kituambie yale ambayo yangetokea.

Kitu hicho tukiite nini? Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo mawili: kuzizuia hali za jaribio zisibadilike ovyo, na kile kisichotiwa dawa ambacho hulinganishwa na kilichotiwa. Sisi tumefuata njia hiyo, na leo twasoma "kundi dhibiti". Kwa jambo la kwanza kitenzi kudhibiti chafaa sana: mchunguzi hudhibiti joto, unyevu, mwanga na upepo. Lakini kwa jambo la pili neno hilo lapoteza msomaji. Kundi lisilotiwa dawa halidhibiti kitu. Wala halikudhibitiwa kuliko lile jingine, maana makundi yote mawili yatakiwa kudhibitiwa sawasawa.

Wafaransa hutumia neno lao lenye maana ya shahidi, na wasemaji wa Kiswahili wa Kongo waliosomea sayansi kwa Kifaransa wamelizoea. Twapendekeza neno hilo lifikiriwe kwetu pia. Shahidi ni mtu ambaye haiwezekani kuhukumu bila ya yeye. Hana daawa, bali hueleza tu aliyoyaona. Huulizwa kama ni mwaminifu, na kama alikuwapo mahali hapo na wakati huo. Masharti hayo yote ndiyo masharti ya kundi la kulinganishia. Kwa muundo pia neno halina taabu: twaweza kusema kitambaa shahidi, mkono shahidi, kundi shahidi, kwa kufuata mfano wa bata mzinga, mbwa mwitu na askari kanzu, ambapo nomino ya pili hufafanua ya kwanza na upatanisho hufuata ya kwanza. Wako watakaosema kwamba shahidi pia ni mtu aliyekufa kwa ajili ya dini. Ni kweli, lakini maana hizo mbili zimeishi pamoja mahakamani na msikitini kwa muda mrefu bila ya kugombana, na hapana atakayedhani kwamba kitambaa kimekufa kwa ajili ya dini.

Faida kubwa ya neno hili ni swali linalozaliwa nalo. Mwanafunzi akileta matokeo yake, mwalimu atamwuliza, "Shahidi wako nani?" Swali hilo huelewa hata mtu asiyepata kuingia katika maabara.

5. Mpango wa jaribio

Tuchukue sasa sabuni moja ya kuogea yenye manukato, na mbu Aedes aegypti waliozalishwa katika maabara wasiokuwa na maradhi. Ili mtu asiumwe, harufu yake tutaichukua kwa kitambaa cha nailoni ambacho kila mtu wa kujitolea atakivaa mkononi kwa saa moja. Hata hivyo, kila mtu sharti aelezwe kazi yote kwa lugha aielewayo na atoe idhini yake kabla ya kuanza, na mpango upate kibali cha kamati inayosimamia maadili ya uchunguzi.

Shahidi mmoja hatoshi, maana kuna njia nyingi za kueleza tokeo moja. Twahitaji vitambaa vitano:

(a) kilichovaliwa juu ya mkono uliooshwa kwa sabuni yenye manukato;
(b) kilichovaliwa juu ya mkono uliooshwa kwa sabuni ileile isiyotiwa manukato;
(c) kilichovaliwa juu ya mkono uliooshwa kwa maji tu;
(d) kisichovaliwa na mtu, lakini kimetiwa sabuni yenye manukato;
(e) kisichovaliwa na mtu wala kutiwa kitu.

Kila kimoja kina jambo la kushuhudia. Mtu akilinganisha (a) na (c) peke yake, na mbu wakapungua kwa (a), hataweza kujua kama manukato yamewafukuza au kama sabuni imeondoa jasho lililokuwa likiwaita. Ni (b) iwezayo kumwambia, kwa kuwa nayo imeondoa jasho bila ya kuongeza manukato. Kitambaa (d) chauliza kama harufu ya sabuni yatosha peke yake, bila ya mtu. Na (e) ni shahidi wa mashahidi: mbu wakikiendea hicho kama wanavyoviendea vingine, basi chombo chenyewe kina kasoro na hapana haja ya kuendelea.

Vitambaa vitalinganishwa viwiliviwili katika bomba la kioo lenye umbo la herufi Y. Upepo hafifu hupitishwa kutoka katika matawi mawili, kila tawi na kitambaa chake, na mbu huachiliwa katika mguu wa bomba. Mwenye kuhesabu huandika namba tatu: waliokwenda tawi hili, waliokwenda tawi lile, na wasiokwenda popote. Namba ya tatu isitupwe. Mbu wakigawanyika 15 kwa 5, hatujui kama 15 wameitwa au 5 wamefukuzwa. Lakini tukiwa pia na hesabu ya kila kitambaa kikilinganishwa na (e), pamoja na ya wale wasioondoka, twaweza kutenga kuvuta na kufukuza.

Hali zinazopasa kudhibitiwa ni hizi: mbu wawe majike watupu, wa umri mmoja, wasiokuwa wamelishwa damu, saa ya kujaribu iwe moja kila siku, joto na unyevu vipimwe, mwanga uwe sawa pande zote mbili. Pumzi ya mwenye kuhesabu ielekezwe mbali, maana hewa ya ukaa itokayo puani na kinywani ni mojawapo ya mambo yanayowaamsha mbu kwa nguvu sana. Watu wa kujitolea wasile vyakula vyenye harufu kali wala wasijitie manukato mengine kwa siku walizopangiwa.

6. Kura na siri

Liko jambo ambalo kudhibiti hakuliwezi, nalo ni tofauti zile ambazo hatuzijui. Huenda tawi la kulia lina mkwaruzo. Huenda mkono wa kulia wa mtu hutoa jasho zaidi. Dawa ya jambo hili ni kuacha bahati igawe, wala si mchunguzi. Mkono upi uoshwe kwa sabuni, tawi lipi liwekwe kitambaa kipi, nani aanze na nani afuate: yote yaamuliwe kwa kura.

Neno kura, kabla ya kuwa mali ya wanasiasa, lilikuwa jina la kugawa kwa bahati, ili mtu yeyote asiweze kudai kwamba amedhulumiwa. Katika jaribio neno hili larudi nyumbani. Twapendekeza basi kugawa kwa kura, ambalo laeleweka kuliko kugawa kinasibu, na lina faida ya kuonyesha kwamba pana tendo linalofanywa: kura sharti ipigwe. Mtu aliyechukua vitambaa "kama vilivyokuja mkononi" hakupiga kura.

Kwa kazi za nje, ambapo watu na vibanda ni wachache, hutumika mpango uitwao mraba wa Kilatini: watu 4, vibanda 4, usiku 4, kila mtu hukaa katika kila kibanda usiku mmoja, na hapana usiku ambao watu wawili wako pamoja. Kwa njia hiyo ubora wa kibanda na utamu wa mtu kwa mbu haviwezi kujificha nyuma ya sabuni.

Pamoja na kura iko siri. Mwenye kuhesabu asijue ni kitambaa kipi kilicho katika tawi lipi. Vitambaa vipewe alama na mtu mwingine, naye afunue alama hizo baada ya hesabu kuandikwa. Si kwamba twamshuku kuwa mwongo. Mbu hurukaruka, hukaribia na kurudi, na yule anayetarajia ataona kutua pale ambapo mwingine ameona kupita. Kwa sabuni, siri ina shida yake, kwa kuwa mwenye kuhesabu ana pua. Basi asimame mahali ambapo harufu haimfikii.

7. Mashahidi wangapi?

Bwana R. A. Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1935 juu ya upangaji wa majaribio, alitumia mfano wa bibi mmoja aliyedai kwamba aweza kutambua kwa kuonja kama maziwa yalitiwa kikombeni kabla ya chai au baada yake. Bibi huyo apewe vikombe 8, vinne vya namna hii na vinne vya namna ile, kwa mpango wa kura. Njia za kuchagua vikombe 4 kati ya 8 ni 70. Basi mtu asiyejua kitu ana bahati 1 tu katika 70 ya kupatia vyote. Somo lake ni kwamba uzito wa ushahidi hujulikana kabla ya jaribio kufanywa, kwa kuhesabu ambayo bahati peke yake ingeweza kuyatoa.

Kwa mbu hesabu hii ina mtego. Tukiachilia mbu 20 kwa mara moja, hatuna mashahidi 20, kwa kuwa wamo katika upepo mmoja, mbele ya kitambaa kimoja cha mtu mmoja. Na hata tukirudia mpaka mbu wafike 1,000, kama mkono ni wa mtu mmoja, tumejua mengi juu ya mtu huyo na machache juu ya watu. Ikiwa tunataka kusema neno juu ya watu, basi kipimo kimoja ni mtu mmoja.

Tuwe na watu 10. Kwa kila mtu twalinganisha (a) na (b) mara nyingi, tukibadili matawi kwa kura, kisha twaandika neno moja tu: manukato au shahidi, kwa kutazama upande upi ulipata mbu wengi. Kama manukato hayana athari yoyote, kila mtu ni kama sarafu iliyorushwa juu. Sarafu 10 zaweza kuanguka kwa njia 1,024. Njia zenye 9 au 10 za upande mmoja, uwe huu au ule, ni 22, yaani kama 2 katika 100. Njia zenye 8 au zaidi ni 112, yaani karibu 11 katika 100. Kwa hiyo tukipata watu 9 kwa 1, tuna sababu ya kushuku kwamba si bahati tu. Tukipata 8 kwa 2, tunyamaze na kuongeza watu. Kiwango hicho kiandikwe kabla ya kuanza, maana akiwekaye baada ya kuona hesabu ni kama mfungaji magoli anayebeba milingoti mwenyewe.

8. Kuandika matokeo

Hapa sarufi yarudi. Tazama ngazi hii ya sentensi:

(1) Manukato haya yalivuta mbu hawa kwenye mkono huu.
(2) Manukato haya yalivuta mbu hawa kwenye mikono ya watu 9 kati ya 10.
(3) Manukato haya, kwa kiasi hiki, huvuta mbu wa aina hii kwa watu walio wengi.
(4) Manukato huvuta mbu.
(5) Vitu vinukiavyo huvuta wadudu.

Ya kwanza ni habari. Ya pili yataka marudio. Kutoka ya pili kufika ya tatu ndipo -li- inapogeuka hu-, na ushuru wake ni shahidi, kura na siri. Ya nne yataka manukato mengi na mbu wa aina nyingi. Ya tano si kauli ya sayansi, kwa sababu ina pua ya mtu na neno lisilo mpaka.

Yafaa kukumbuka kwamba kitenzi cha hu- hakichukui kiambishi cha kiima. Katika "yalivuta", ya- yaifunga kauli kwenye manukato yale yaliyojaribiwa. Katika "huvuta" kamba hiyo imekatwa, na kauli yaelea juu ya kila kitu chenye jina hilo. Tena hu- haisemi kama ni daima au mara kwa mara. Kwa hiyo mwandishi airudishe kamba kwa maneno: manukato gani, kiasi gani, mbu gani, watu gani.

Haja ya tahadhari hii yaonekana katika uchunguzi uliokwisha kufanywa. Mwaka 2015 wachunguzi wa New Mexico, Marekani, walijaribu dawa mbalimbali za kufukuza mbu, na pamoja nazo wakatia marashi ya dukani yaitwayo Bombshell, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba harufu za maua na matunda huvuta mbu. Marashi hayo yalipunguza mbu kwa muda wa saa 2 na zaidi. Lakini wachunguzi wenyewe walitahadharisha kwamba kiasi walichotumia kilikuwa kikubwa, na kwamba kidogo huenda kikaleta tokeo jingine. Mwaka 2023 wachunguzi wa Virginia Tech walijaribu sabuni nne, Dial, Dove, Native na Simple Truth, kwa watu 4 na kwa vitambaa vya nailoni. Dove na Simple Truth ziliongeza mvuto wa baadhi ya watu lakini si wote; Native ilielekea kuupunguza. Basi jibu la swali letu la kwanza si "ndiyo" wala "siyo": athari ni ya sabuni na mtu pamoja. Sentensi ya (4) imekwisha kuvunjika, iwe kwa kukubali au kwa kukana.

Limebaki jambo la kukana, ambalo ni gumu zaidi katika Kiswahili. Umbo la hu- halina ukanushi wake lenyewe. Huazima ule wa wakati uliopo. "Hayavuti" ni kinyume cha "yanavuta", na cha "yavuta", na cha "huvuta" pia. Mchunguzi ambaye hakupata tofauti akiandika "Manukato haya hayavuti mbu," msomaji hawezi kujua kama imethibitika kwamba hayavuti kamwe, au kama hayakuvuta siku ile, au kama jaribio lilikuwa dogo mno hata lisingeweza kuonyesha kitu. Mambo haya ni mbalimbali kabisa. Twashauri maandishi yatenge kauli tatu: "hatukuona dalili kwamba yanavuta", kwa jaribio lisilotosha, "hayakuvuta zaidi ya kitambaa shahidi", kwa habari ya hesabu, na "yalifukuza", ikiwa mbu walipungua hata kuliko katika kitambaa kitupu. Kauli ya "hayavuti", bila ya nyongeza, iachwe.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba swali dogo la barazani haliwezi kuingia maabara mpaka maneno yake matatu yamefunguliwa. Kwamba vitenzi vyetu vya harufu hubeba hukumu ambayo si ya mbu. Kwamba neno shahidi laweza kuondoa utata ambao neno dhibiti umetuletea. Na kwamba hu-, pamoja na ukosefu wake wa ukanushi, yataka uangalifu kwa kila aandikaye matokeo. Hapana katika hayo lionyeshalo kwamba Kiswahili hakifai kwa sayansi. Kinyume chake: lugha iliyotenga -li-, hu- na -nge- kwa maumbo yanayosikika humwonyesha mwanafunzi waziwazi mahali anapovuka kutoka aliyoyaona kwenda anayoyadai.

Wasomaji walio na maneno bora kuliko yaliyopendekezwa hapa, hasa wale wanaofundisha elimu ya viumbe kwa Kiswahili, na wale wa Kongo ambao wamelitumia neno shahidi kwa njia ya Kifaransa, waombwa wayatoe, pamoja na mifano ya sentensi ambamo yametumika.